Uzi wa Mjomba Kole

Mnanisumbua. Mtu hawezi kusaga kahawa yake humu ndani bila kuombwa habari ya sakafu ya Vasilka. Haya, kaeni, na asinikatize mtu.

Vasilka ni yule mjane wa mtaa wa pili, hapa hapa Toronto. Alitaka chumba cha chini ya nyumba yake kitandikwe mbao mpya, binti yake Neda ahamie humo na mimba yake. Mbao hazikai juu ya zege lenye bonde. Na bonde lilikuwepo, katikati, refu, jembamba. Mjomba wake Kole, fundi aliyeijenga nyumba hiyo kwa mikono yake, alilimwagia saruji laini mara mbili. Mara mbili ilikauka ikiwa sawa kama maji kwenye sinia. Kesho yake jioni... bonde lile lile.

"Udongo wa hapa unacheza," Kole alisema.

"Unacheza mahali pamoja tu, mjomba?"

"Fundi ni wewe?"

Jioni ya tatu Vasilka aliteremka na kahawa. Pale chini palinuka jasho la mwanamume, na si la Kole. Akasimama ngazini. Kole alikuwa amepiga magoti na uzi wake wa kupimia usawa. Neda alisimama mbele ya taa.

"Sogea kushoto, mjukuu wangu. Hapo hapo. Usitikisike."

"Babu, unapima sakafu au unanishonea gauni?"

Uzi haukuvutwa ukuta kwa ukuta. Ulilazwa chini, toka kisigino cha Neda hadi kilipoishia kivuli cha kichwa chake.

Kole akafunga fundo.

Vasilka aliiweka trei ngazini. Kwao Makedonia kila mtoto aliijua habari hiyo. Fundi akitaka nyumba isimame, huzika kipimo cha kivuli cha mtu, na mwenye kivuli hamalizi siku arobaini. Baba yake, mzima wa afya, alianguka akafa mwezi mmoja baada ya zege hili kumwagwa.

"Neda, panda juu."

"Mama, bado hatuja..."

"Panda."

Mlango ulipofungwa, Vasilka alinong'ona, "Baba naye ulimsimamisha hapa?"

Kole hakumtazama. "Nyumba ilikuwa inazama. Mngelala wapi?"

"Na leo?"

"Uzi wa baba yako umeoza. Anashuka, na nyumba pamoja naye."

Chini ya zege kitu kilikwaruza. Taratibu... kama mtu anayejigeuza kitandani.

Vasilka aliuchukua uzi, akalifungua fundo kwa meno.

"Simama mbele ya taa, mjomba."

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekulea."

"Simama."

Walimwaga saruji pamoja juu ya uzi wa kivuli chake. Sakafu haijabonyea tena. Kama ni uzi au ni saruji nzuri, msiniulize mimi.

Daktari aliusifu moyo wa Kole. Siku ya thelathini na tisa, mezani kwa Vasilka, supu ya maharage haijapoa, aliweka kijiko chini akaomba kaburi lake lisitiwe zege. Vasilka alimkubalia hilo tu. Kabla giza halijaingia, Kole alikuwa ameshakata roho.