Baba Alinyamaza Kwanza

Kila Jumatatu na Alhamisi, nyumba hii huamka kabla ya jogoo wa jirani. Mama huoga maji ya moto, huvaa sweta mbili, hujifunga shali. Kisha hukaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani, akingoja gari.

Figo za Mama zimeacha kufanya kazi. Ni lazima afike hospitali ya mjini, alale kando ya mashine, damu yake isafishwe. Akikosa zamu, miguu huvimba na pumzi hukata. Kulikuwa na mwanamke ambaye yeye na Mama walizoea kulazwa vitanda vya jirani. Alikosa zamu moja, akakosa na ya pili. Sasa kitanda chake kinalaliwa na mtu mwingine. Mama alisimulia habari hiyo mara moja tu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza tena.

Anayempeleka ni binti yake. Jina lake la nyumbani ni Kifungo, kwa sababu alipokuwa mdogo alimeza kifungo cha shati la baba yake, akazua kizaazaa nyumba nzima. Alipokua akawa mshonaji nguo. Basi utani haukuisha.

Gari lenyewe lilikuwa la Baba. Ni gari la dizeli, la zamani, lakini halina makuu. Baba alifariki mwishoni mwa msimu wa baridi uliopita. Baada ya mazishi, Kifungo alibandika picha yake ndogo nyuma ya usukani, juu ya kile kioo chenye mishale na taa.

"Ili tuendelee kusafiri naye," alisema.

Miezi yote ya joto gari halikumsumbua. Aligeuza ufunguo, likanguruma, wakaondoka. Sasa baridi ilikuwa imerudi.

Alhamisi hiyo vioo vya gari vilifunikwa utando mweupe. Maji yaliyosahauliwa kwenye ndoo nje yalikuwa yameshika barafu. Kifungo aliingia garini, akapuliza vidole vyake, akageuza ufunguo mara moja mpaka mwisho. Injini ikazunguka, ngo-ngo-ngo, isiwake. Akarudia. Akarudia tena. Kila mara mlio ulizidi kulegea.

"Limegoma?" Mama aliuliza kutoka mlangoni.

"Linajivuta tu, Mama. Litawaka sasa hivi."

Lakini alitazama saa. Mashine ya hospitali haimngojei mtu. Ukichelewa, zamu yako anapewa mwingine. Alimpigia simu dereva wa teksi anayemjua. Simu iliita mpaka ikakatika.

Mume wake, ambaye ni seremala, alitoka nje na mswaki mdomoni. "Kanyaga mafuta!" alisema.

"Nimekanyaga mpaka mguu unauma!"

"Basi injini imeshikwa na baridi. Niachie mimi. Dawa ya baridi ni moto."

Akaingia jikoni, akarudi na jiko la mkaa lililokuwa limewashwa kwa ajili ya chai. Mkono wa pili alishika chupa ya petroli. Aliinama, akaanza kulisukuma jiko chini ya gari.

"We! We Seremala! Unataka kuchoma gari au kuchoma watu?"

Sauti ilitoka upande wa pili wa uzio. Ilikuwa ya Bi Spana, jirani yao, fundi wa malori. Mwanamke huyu hana sauti ya chini. Alikuwa amekwisha kuvaa ovaroli yake ya kazini, kikombe mkononi.

"Toa hilo jiko haraka! Chini ya injini kuna mipira ya mafuta na nyaya. Likivuja tone moja tu, tutakuja kuwazoa kwa koleo. Na hiyo chupa ni ya nini?"

"Petroli kidogo tu, Bi Spana," Seremala alijitetea. "Niinyunyizie kwenye njia ya hewa. Nimeona watu wakifanya."

"Na mimi nimewaona waliofanya. Wa mwisho hana nyusi mpaka leo."

Wakati mwingine Seremala angecheka. Siku hiyo hakucheka. Alilirudisha jiko ndani, chupa akaipeleka mbali nalo, akarudi. Bi Spana alipita getini na kisanduku chake cha vyuma. Alimtazama Mama pale mlangoni na mkoba wake, akaelewa ni siku gani.

"Dada yangu, zamu yako ni leo?"

"Ni leo," Mama alijibu.

"Haya. Kifungo, fungua boneti. Tunaanza na betri. Baridi huinyonya nguvu, na wewe umeimalizia kwa kukazana nayo."

Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe wenye ukijani. Bi Spana alifungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Aliusugua ule unga kwa brashi na maji ya moto, akafuta, akarudisha waya wa chanya, wa hasi mwisho, akakaza.

"Unga huu unazuia umeme," alisema. "Usiuguse kwa mkono, unaunguza. Sasa tuazime moto wa betri yangu."

Alileta gari lake dogo, akalisogeza karibu bila kuligusisha na lile la Baba. Akatoa nyaya mbili nene. Nyekundu aliiunga chanya kwa chanya. Nyeusi aliianzia kwenye hasi ya betri yake, mwisho wake akaubana kwenye chuma kitupu cha injini ya Baba, mbali na betri.

"Washa. Hesabu hadi kumi tu, uache. Ukikomaa nayo, stata, ile mota inayozungusha injini, itaungua."

Injini ilizunguka kwa nguvu. Haikuwaka. Kifungo aliegemeza paji la uso kwenye usukani. Machozi yalikuwa karibu.

Bi Spana hakuwa anaitazama injini. Alikuwa nyuma ya gari, anatazama bomba la moshi.

"Rudia kidogo. Acha! Aisee, nimekosea."

"Umekosea nini?" Seremala aliuliza.

"Nilidhani dizeli imeganda. Kwenye baridi kali dizeli hufanya ukungu, kama mafuta ya kupikia yanavyoganda kwenye chupa, halafu inaziba chujio. Lakini huo moshi mweupe mmeuona? Hiyo ni dizeli imefika ndani, ikatoka bila kuungua. Isingefika, usingeona moshi wowote. Shida yetu siyo mafuta. Shida yetu ni joto."

"Ndiyo maana nilileta jiko," Seremala alinong'ona.

"Joto la ndani, baba, siyo la chini ya gari! Sikilizeni. Injini ya petroli hutumia cheche. Ya dizeli haina cheche. Inabana hewa mpaka hewa inapata moto, ndipo dizeli inaungua. Chuma kikiwa cha baridi, hewa haipati moto wa kutosha. Kwa hiyo kuna plagi ndogo za kupasha joto. Ukigeuza ufunguo nusu, taa ya rangi ya chungwa inawaka, imechorwa kama springi. Plagi zinapata moto. Taa ikizima, ndipo unawasha. Kifungo, wewe unaingoja hiyo taa?"

"Taa gani? Gari hili halina taa hiyo."

"Haiwezi kukosa."

Bi Spana aliinama dirishani. Alitazama nyuma ya usukani. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, sauti yake ilishuka.

"Mwanangu, picha ya baba yako imekaa juu yake."

Kifungo aliitazama picha. Baba alikuwa amevaa kofia yake ya kila siku, anacheka kidogo. Tangu siku ya kuibandika hakuwa ameigusa, hata kuifuta vumbi.

"Siwezi," alisema. "Bi Spana, siwezi kumtoa mle."

Seremala alitazama viatu vyake. Kisha wakasikia hatua za pole pole. Mama alikuwa ameacha kiti chake. Alikuja akishikilia ukuta, miguu yake mizito, akafungua mlango wa abiria, akaketi.

"Ibandue, mwanangu," alisema. "Baba yako hakuwahi kunizibia njia akiwa hai."

Kifungo alitoa mfukoni kijembe chake cha kufumulia nyuzi. Alipitisha ncha taratibu chini ya gundi, kama anayefumua hariri, ili picha isichanike. Ikatoka nzima. Akampa Mama, naye akaiweka mapajani juu ya mkoba.

"Geuza nusu," Bi Spana alisema.

Taa ndogo ya rangi ya chungwa ikawaka.

"Usiwashe. Subiri izime."

Mama aliigeukia ile taa, akakaza macho.

"Alikuwa anafanya hivi hivi," alisema polepole. "Asubuhi za baridi. Anageuza ufunguo kidogo, ananyamaza, anatazama mbele. Mimi nilidhani anaomba dua ya safari. Nilikuwa nawafinya ninyi watoto mkicheka. Miaka yote hiyo! Kumbe alikuwa anangoja taa."

"Kwa nini hakutuambia?" Kifungo aliuliza.

"Nani alimuuliza?"

Taa ikazima.

"Rudisha ufunguo, geuza nusu tena," Bi Spana alisema. "Plagi zake huenda zimechoka, tuzipe nafasi ya pili."

Taa iliwaka, ikazima. Kifungo akamalizia kugeuza ufunguo. Injini ilikohoa, ikatetemeka, ikatoa wingu jeupe, ikanyamaza kidogo kama inayotaka kufa. Kisha ikashika. Ikanguruma.

"Usikanyage mafuta! Iache itulie!" Bi Spana alipiga kelele, mkono mmoja unafungua nyaya, wa pili unapangusa macho. Seremala alikuwa amekwisha kukimbilia getini kuwaongoza watoke.

Njiani Kifungo alilia bila kujificha. Mama hakumkataza.

Hospitalini muuguzi alikuwa amesimama mlangoni, simu sikioni. "Mama! Nilikuwa natafuta mtu wa kumpa nafasi yako." Akakata simu, akamshika mkono, akamwingiza ndani. Baada ya muda Kifungo alichungulia, akamwona Mama amelala, mashine inazunguka, damu inatoka na kurudi. Ndipo alipoketi.

Jumamosi Bi Spana alipima plagi zote. Mbili zilikuwa zimekufa kabisa, akaweka mpya. Alilegeza koki ya chini ya chujio la dizeli, maji yaliyojikusanya yakatoka, akaifunga. Alimfundisha Kifungo kutopaki usiku wa baridi na tanki karibu tupu, maana unyevu hugeuka maji mle ndani. Alimwonya pia asiache injini inaunguruma ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wake unaua. Seremala alisikiliza yote. Halafu akatengeneza fremu ndogo ya mbao, na picha ya Baba ikahamia upande wa abiria, mbele ya Mama, mahali pasipo na taa wala mshale.

Jumatatu ilikuja na baridi kali zaidi. Mama aliketi, akafunga mkanda. Kifungo aligeuza ufunguo nusu. Taa ikawaka. Kimya kikaingia garini, kile kile cha zamani, na katika kimya hicho Kifungo aliona midomo ya Mama inacheza.

"Mama," alinong'ona, "unaomba au unangoja taa?"

"Vyote viwili. Hata baba yako, nadhani, alifanya vyote viwili."

Taa ikazima.

"Washa, mwanangu," Mama alisema. "Twende."