Kitanda cha Behewa Kilichomnyamazisha Raya

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na saba, nimesoma mpaka kidato cha nne, na nina mtoto mmoja ambaye haniiti mama. Si kwamba hataki. Hawezi! Nitawaeleza kwa nini, na msitarajie nipambe maneno. Nina hasira, na hasira yenyewe haijapoa.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Mume wangu, nitamwita Nassir, ni wa huko huko, ukoo wa watu wa reli. Babu yake alikuwa seremala wa mabehewa, baba yake vilevile. Yeye alipokosa kazi nyumbani akaipata Dubai, kwenye karakana moja iliyo sehemu za viwandani.

Kazi yenyewe wengi hamuijui. Kuna wazungu wanaoendesha treni za zamani za mvuke kwa ajili ya watalii. Wananunua mabehewa yaliyochakaa, yanaletwa kwa meli, na mafundi wanayafufua. Mbao, viti vya ngozi, vitasa vya shaba, kila kitu kirudi kama siku ya kwanza. Wakati huo kwetu reli mpya ilikuwa bado inajengwa, watu wanasubiri treni ya kisasa... mume wangu yuko Dubai anasugua za mkoloni! Nilikuwa nikimtania hivyo. Alikuwa akicheka.

Mimi nilimfuata, nikawa nauza mabuibui dukani Deira, mtaa wa hukohuko Dubai. Tulikuwa na chumba chetu kwenye fleti ya kushirikiana, Al Mankhool, na hapo ndipo tulipomleta Raya kutoka hospitali, macho maangavu, sauti kali. Nikienda kazini alikuwa akibaki na Bi Shemsa, mama mtu mzima wa Kizanzibari wa mlango wa pili, ambaye ameishi Dubai tangu usichana wake.

Raya alikuwa na maneno, jamani! Kabla hajatembea vizuri alikuwa anasema mama, maji, na "yalla" aliyoiokota kwa Bi Shemsa, yaani harakisha. Ukichelewa kumpa uji anakukunjia uso: "Yalla!" Fleti nzima ilikuwa inamjua.

Alipoanza kusimama, Nassir akamletea kitanda. Alikitengeneza mwenyewe kwa vipande vya behewa la daraja la kwanza. Mti wa msaji, na ubavuni fremu za madirisha zikiwa bado na rangi yake ya maziwa. Nilimuuliza mbona hakuikwangua akapaka mpya, maana ilikuwa imeanza kupasuka pasuka. Akaniangalia kama nimetukana. Kwenye kazi yao kilicho cha asili hakiguswi. Rangi ya zamani ikibaki hata kipande kidogo inaheshimiwa kuliko mzee wa ukoo. Akaniambia, "Mama Raya, hii rangi imewaona magavana. Wewe unataka niitie msasa?"

Nilijivuna na kile kitanda! Nilikipiga picha nikaituma nyumbani, nikawaita majirani waje waone.

Raya alikuwa anaota meno. Kila akiamka anashika fremu ya pembeni na kuiguguna. Bi Shemsa akawa ananicheka: "Mwanangu, bintiyo anatafuna kitanda kama panya wa ghalani! Hebu mpe chakula." Tukacheka wote... Wallahi, tulicheka.

Kisha mtoto akaanza kubadilika. Akawa hali. Tumbo linamkata, choo hapati, analia bila sababu. Rangi ikampauka. Nikasema ni meno, Bi Shemsa akasema ni jicho, akamsomea. Nikamwomba Nassir ampeleke kliniki, kwa sababu arbab wangu, bosi wa dukani, hakuwa mtu wa kumwomba ruhusa. Akampeleka. Akarudi na dawa ya kuongeza damu, akasema daktari amesema amepungukiwa damu tu, khalas, atapona.

Siku ileile akafunga kitambaa kwenye fremu ya kitanda, akakizungusha vizuri na kukishona. Nilipomuuliza akasema mbao itamuumiza mtoto fizi. Nikamwona baba mwenye huruma!

Sasa sikilizeni. Kile kitambaa baada ya muda kikaloa mate, kikaanza kunuka. Mama gani atamwacha mwanawe alale na kitambaa kinachonuka? Nilikifumua nikakiloweka kwenye sabuni. Nikamrudisha Raya kitandani mwake... na Raya akarudi kwenye fremu yake.

Maneno yakaanza kumhama moja moja. Kwanza ikapotea "yalla." Ukimwita hageuki. Asubuhi moja namvalisha, nikaona macho yamepanda juu, mwili umekakamaa, povu linamtoka. Degedege! Nilishuka ngazi miguu peku, mtoto mikononi, Bi Shemsa nyuma yangu anasoma kila dua anayoijua.

Hospitalini wakampima damu. Daktari, mwanamke mpole, akaniketisha. Akasema damu ya mtoto imejaa sumu ya madini ya risasi, yale yaliyokuwa yakiwekwa kwenye rangi za zamani. Akasema kliniki walishalishuku jambo hilo na wameliandika. Walimuuliza baba kama nyumbani kuna kitu chenye rangi ya zamani, au kama kazi yake ni ya rangi. Baba alijibu kwamba hakuna, na kwamba yeye ni dereva wa duka. Wakamwambia amrudishe mtoto kwa kipimo zaidi. Hakumrudisha.

Dereva? Nassir hajui hata kuwasha gari!

Nilikuwa bado nimeduwaa pale alipoingia, amefuatana na mwenzake wa kazini, Shomari, Mtanga mmoja mcheshi. Nikauliza kwa sauti, hii sumu ya rangi ni kitu gani? Shomari, masikini, akajibu bila kujua: "Shemeji, mbona tuliambiwa? Mzungu wa mabehewa alitukusanya wote, akasema rangi hizi ni sumu kwa watoto, hata nguo tuziache kazini. Tukamtania Nassir, we mwenye kichanga, oga mara mbili!" Alipoona uso wangu akaziba mdomo kwa kiganja.

Nikamgeukia mume wangu. "Ulijua?"

Akasema alidhani rangi isipokwanguliwa haina madhara. Nikamuuliza, na kliniki je, ulipoulizwa? Akaanza kulia. Zile mbao alizitoa karakana bila ruhusa, na kule kila kipande ni mali ya mwenye behewa. Wangemfukuza. Visa ingefutwa. Turudi Mombasa tukale nini?

"Nilikifunga kitambaa, Mama Raya. Nilikifunga..."

"Na mimi nikakifua!" nilipiga kelele mpaka wauguzi wakaja. "Nassir, mimi nikakifua! Neno moja tu ungeniambia! Neno moja!"

Wasomaji, hili ndilo linalonichoma. Kutojua nimemsamehe. Lakini mtu amejua, mpaka ameona haja ya kushona kitambaa, halafu analala usingizi pembeni yangu na kitanda kiko palepale? Angekitupa ningeuliza kwa nini. Kwa hiyo alichagua mimi nisiulize!

Watu wa hospitali walikuja nyumbani na glavu, wakakifunga kile kitanda kwa plastiki wakakibeba kama maiti. Raya alitibiwa mpaka sumu ikapungua, degedege likaacha. Lakini daktari aliniambia ukweli bila kuuzungusha. Kilichokwisha kuharibika kwenye ubongo hakirudi.

Niliomba talaka, akanipa. Mama mkwe alinipigia akisema, "Mumeo alikuwa anatafuta riziki, mwanamke usiwe na moyo wa jiwe." Nilimkatia simu. Nassir bado yuko karakana ileile, na kazi aliyoiogopea hajaipoteza. Juzi kuna mtu alinitumia picha ya behewa lao likiwa limekamilika huko Ulaya, linang'aa, watalii wanapiga picha. Niliifuta kabla haijafunguka yote.

Raya sasa ana miaka minne. Anatembea, anakula akilishwa. Nikimwita anatazama ukutani. Sijui kama ananijua.

Akina mama wenzangu, mnaokaa ugenini na nyumbani, nawaomba. Muulizeni mume anashika nini kazini kwake. Akileta nyumbani kitu cha zamani chenye rangi, msikione kizuri kwanza. Peleka mtoto hospitali wewe mwenyewe, hata arbab anune, hata akufukuze! Usingoje kusimuliwa alichosema daktari.

Na nyinyi akina baba, najua kuna mmoja anayesoma hapa naye ana jambo amelifunga kitambaa. Nenda kamwambie mama watoto leo. Atakutukana, atalia, pengine atafunga virago. Mwache afanye yote hayo, maadamu mtoto wako bado anaweza kumwita.