Chungu Kilichobaki Mwambani

Kaeni vizuri, wanangu. Leo tunapanda mlima na Sekela.

Sekela alikuwa na miguu midogo yenye vumbi. Kichwani alivaa ngata ya majani makavu ya mgomba. Juu ya ngata kulikuwa na chungu.

Kilikuwa chungu kidogo. Sekela alikifinyanga mwenyewe, na mama yake akamchomea. Ukingo wake ulipinda kidogo, na Sekela aliupenda hivyo hivyo.

Chungu kile kilikuwa zawadi. Dada yake, Atupele, aliolewa ng'ambo ya mlima, na sasa amejifungua mtoto.

"Ni cha kupashia maji ya mtoto," Sekela alimwambia kila mtu pale nyumbani. "Hata mbuzi wameshajua," Mama alisema.

Mama naye alibeba vyungu vitatu vikubwa, vya watu walioagiza. Mkononi alishika dumu la maji. Ng'ambo ya mlima ni mbali. Lazima ulale njiani.

Panda, Sekela, panda.
Polepole, chungu kisivunjike.

Walifika kwenye kijito. Mama aliinama. Hapakuwa na maji, yalikuwapo mawe tu.

"Mwaka jana tulioga hapa," Mama alisema. Akafukua mchanga kwa vidole. Mchanga ulikuwa mkavu mpaka chini.

Wakanywa maji ya dumu. Funda moja Sekela. Funda moja Mama.

Panda, Sekela, panda.
Polepole, chungu kisivunjike.

Walifika kwenye dimbwi. Ng'ombe walikuwa wamesimama ndani. Maji yalikuwa tope, na tope lilinuka.

"Haya hatunywi," Mama alisema. "Tukinywa, tutaumwa tumbo mlima mzima."

Wakamaliza maji ya dumu. Mama aligonga dumu kwa kidole. Po, po, po. Tupu.

Jua likawa kali. Ulimi wa Sekela ukanata mdomoni.

Kwenye kona ya njia alikaa mzee mmoja, amenyoosha mguu. Alikuwa Mzee Mwaisumo, muuza dagaa, na pembeni yake kulikuwa na kapu la dagaa wakavu.

"Shikamoo, babu," Sekela alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu niambie, wewe umebeba chungu, au chungu kimekubeba wewe?"

"Nimekibeba mimi. Na nimekifinyanga mimi."

"Ndiyo maana kimepinda kama goti langu."

"Hakijapinda sana," Sekela alisema.

Mzee akamtazama midomo. Ilikuwa mikavu, imepasuka. Akachukua kibuyu chake, akakitikisa. Kilisema chwa, kidogo tu.

"Kunywa, mjukuu."

Sekela akanywa. Maji yakaisha.

"Na wewe, babu?"

"Goti limekataa kupanda leo. Nitalala hapa. Kesho nitajikokota hadi kwenye mwamba wa matone, ninywe. Chungu cha pale hakijawahi kuninyima."

"Mungu akulinde, Mzee," Mama alisema.

"Nendeni, Mama Atupele. Msiache giza liwakute."

Panda, Sekela, panda.
Polepole, chungu kisivunjike.

Jua likaanza kushuka. Sekela alichoka.

"Mama, hapa tulale?"

"Hapana. Hapa hupita maji ya mvua. Ikinyesha huko juu, yatatukuta tumelala."

"Mama, hapa je?"

"Hapana. Hapa upepo haulali, na sisi hatutalala."

"Mama, hapa?"

"Hapana. Hii ni njia ya ng'ombe. Unataka kuamshwa na pembe?"

Wakaenda, wakaenda. Mwisho wakaona mwamba mkubwa, umeinama kama mtu anayechungulia. Chini yake palikuwa pakavu. Upepo haukuingia.

"Hapa," Mama alisema. "Hapa tunalala. Na hapa kuna maji. Sikiliza."

To. To. To.

Maji yalidondoka kutoka kwenye ufa, tone moja moja. Chini ya ufa palikuwa na kijishimo kidogo kwenye jiwe. Ndani ya kijishimo kulikuwa na vigae. Chungu cha mwambani kilikuwa kimevunjika. Kila tone lilipasuka kwenye vigae na kupotelea ardhini.

Mama aliinama. Kisha akaviondoa vigae.

Akaweka dumu. Mdomo wa dumu ulikuwa mdogo, na matone yakarukia pembeni.

Akaweka chungu chake kikubwa. Hakikuenea kwenye kijishimo. Kikabiringika, Mama akakidaka.

Akaweka cha pili. Akaweka cha tatu. Hakuna kilichokaa.

Mama akamtazama Sekela. Sekela akakikumbatia chungu chake.

"Kwa usiku mmoja tu," Sekela alisema.

 Mama alikipokea chungu kwa mikono miwili, akakiweka kwenye kijishimo. Kilikaa sawasawa, kana kwamba kilizaliwa pale.

To. To. To.

Mama alimlaza Sekela upande wa ndani, penye joto. Yeye akalala upande wa nje. Wote wawili walilala na kiu.

Asubuhi chungu kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni. Wakanywa. Maji yalikuwa baridi, na yalikuwa matamu. Sekela alikasirika kwamba yalikuwa matamu.

Mama akamimina mengine kwenye dumu.

"Sasa tuondoke nacho," Sekela alisema.

Mama alifunga dumu taratibu. "Sekela, hapa daima kuna chungu. Mtu akikuta kimevunjika, anaacha kingine. Ndivyo tunavyoupanda mlima huu."

"Lakini hiki ni cha mtoto."

"Ni chako. Ukikichukua, sitakugombeza."

Sekela akafikiri. "Na babu?"

"Babu atafika hapa baadaye. Njia yote mpaka hapa umeiona. Hakuna maji."

"Kwa nini wewe usiache chako?"

"Kingekaa, ningekiacha. Uliniona jana."

"Bora ningefinyanga kikubwa," Sekela alisema.

Mama hakucheka.

"Simpendi babu yule."

"Sawa."

"Na mwamba huu siupendi."

"Sawa, mwanangu."

Mama hakusema, "Wewe ni mtoto mzuri." Alikaa tu chini, akangoja.

Sekela alikishika chungu. Aligusa ukingo uliopinda. Akapiga magoti, akakirudisha kwenye kijishimo.

To. To. To.

Akaondoka. Aligeuka nyuma mara moja, akaona bora asingegeuka. Kichwani ngata ilibaki, na juu ya ngata hapakuwa na kitu.

Panda, Sekela, panda.
Panda tu.

Machozi yalimtoka njia nzima. Mama alimshika mkono. Hakumwambia anyamaze.

Walifika kwa Atupele jioni. Mtoto alikuwa mdogo sana, na alikuwa na nywele nyingi. Alikuwa analia. Maji yake yalikuwa yakichemka kwenye sufuria kuukuu isiyo na mfuniko.

"Dada, sikukuletea kitu," Sekela alisema.

Akasimulia yote. Kijito, dimbwi, kibuyu cha babu, mwamba. Alipofika kwenye chungu, akaivua ngata, akaiweka chini.

Atupele hakusema kwamba si kitu. Alimpisha Sekela kitandani, akamlaza kati yake na mtoto, akamfunika khanga.

Taa ikazimwa.

"Sekela," Atupele alisema. "Siku ile nilipopanda kuja kuolewa, nilifika mwambani nimeishiwa nguvu. Shangazi alidhani nitaanguka. Nikakuta chungu kimejaa. Nikanywa mpaka nikashiba."

"Kilikuwa cha nani?"

"Sijui. Mtu alikiacha."

Sekela akamgeukia dada yake.

"Alilia?"

"Nani?"

"Mwenye chungu. Alipokiacha, alilia?"

"Sijui, mdogo wangu. Labda alilia."

Mtoto alikuwa amelala sasa. Alipumua polepole, fuu, fuu, shingoni mwa Sekela. Bado roho ilimuuma Sekela. Alimfikiria mtu yule asiyemjua. Labda alikuwa mkubwa. Labda alikuwa mtoto kama yeye, na alilia njia nzima, na hakuna aliyejua.

"Pole," Sekela alimnong'oneza gizani.

Kisha akamsogelea dada yake, akalala.