Mkono Alioukataa Elijah

Maiti ya Javan ilitolewa shimoni ikiwa imefungwa kamba kwapani, shingo imevunjika. Inspekta Monari hakuwa na haja ya kumsaka muuaji. Wachimbaji dhahabu wa Masara walikuwa wamekwisha kumkalisha chini, mikono imefungwa kwa kitambaa cha mtu.

"Ni Elijah," walisema kwa sauti moja. "Amemgonga na toroli, mchana kweupe."

Monari alipakagua mahali penyewe. Javan alikuwa amechuchumaa ukingoni akichambua mawe, shati lake jekundu. Elijah alikuja na toroli limejaa, akaligeuzia kulia, likamsukuma Javan ndani ya shimo. Kutoka mpini wa toroli hadi kwenye lile shati palikuwa karibu mno. Hata mzee wa miaka themanini angemwona.

"Sikuona yeye, afande," alisema Elijah.

"Shati jekundu hukuliona?"

"Haki ya Mungu, sikuona mtu."

"Mligombana?"

"Javan? Huyo tumekua pamoja."

Wachimbaji wakaguna. Mmoja akashindwa kuvumilia. "Afande, muulize habari za matanga ya baba yake Javan. Javan alimpa mkono pale kaburini. Huyu akapita tu."

Monari alielewa. Kwa watu wa hapa, kumnyima mfiwa mkono kaburini ni sawa na kutangaza kwamba unahusika na kifo kile. Tangu siku ile, watu walisema, wawili hao hawakuwa kitu kimoja tena.

"Kweli ulimnyima mkono?"

"Watu wanasema hivyo," Elijah akajibu, kichwa chini. "Mimi sikuona mkono."

Hukuona mtu, hukuona mkono! Monari alicheka kwa hasira. Akampitia Cephas, tabibu wa zahanati ndogo ya pale machimboni, mtu wa koti jeupe na maneno machache.

"Macho yake yana kasoro?"

"Hapana. Nimempima mara mbili. Anasoma herufi zote za ubaoni, hata zile ndogo za mwisho."

"Sasa anasumbuliwa na nini?"

"Pombe. Chang'aa," alisema Cephas, akageuka kupanga chupa zake za dawa.

Kesi ikawa imekwisha. Kuua kwa kukusudia, mashahidi wapo, sababu ipo. Adhabu yake kitanzi.

Huko Homa Bay, katika chumba cha mahojiano, Monari alisimama kando ya kiti cha mshukiwa. Alikuwa amechoka, na neno "sikuona" lilikuwa limemfika kooni.

"Kwa mara ya mwisho. Ulimwona Javan?"

"Sikuona, afande."

Akamzaba kofi la shavu. Kisha akabaki ameutazama mkono wake mwenyewe.

Katika miaka yake ya kazi Monari alikuwa amepiga watu, hilo halifichiki, na hakujivunia. Kila mtu huona kofi likija. Hukunja uso, hufumba macho, huinamisha kichwa. Elijah hakupepesa hata ukope. Alishtuka baada ya kupigwa, akaangalia huku na huku kama kuku, akitafuta lilikotoka.

Monari akavuta kiti, akaketi mbele yake goti kwa goti.

"Nitazame puani. Usigeuze macho." Akainua kalamu usawa wa sikio la Elijah. "Unaona nini?"

"Pua yako, afande."

Akaisogeza taratibu. Kalamu ilikaribia kugusa pua ya Elijah ndipo aliposema, "Kalamu." Upande wa pili ikawa vilevile. Juu vilevile, chini vilevile.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Kichwa inauma asubuhi, natapika. Halafu kando ikaanza kupotea. Naona kama mtu anachungulia kwa bomba."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema! Nilienda kwa daktari Cephas. Akaninusa mdomo mbele ya watu wote kwa laini. Wakacheka."

Daktari wa wilaya alimulika ndani ya macho ya Elijah kwa chombo chake. Kisha akamvuta Monari kando.

"Kuna kitu kinakua kichwani. Kinasukuma mpaka mishipa ya macho imevimba, nayo inakufa kuanzia kando. Mbele bado anaona, ndiyo maana anasoma herufi. Angeletwa mwaka jana, angepasuliwa Nairobi akabaki na macho yake. Sasa tuombe abaki na hicho kidogo."

Phelesia, mke wa Elijah, aliyasikia hayo akiwa mlangoni na bakuli la chakula. Akajitupia leso usoni.

"Mimi nilirudi kwetu Rusinga," alisema. "Nakaa kando yake, hanisemeshi. Namwekea chakula, anaacha inapoa. Nikasema wuon Awino, baba wa mtoto wetu, amepata mwanamke mwingine. Nikamtukana mbele ya mama yake."

Elijah alikuwa ameketi karibu naye. Aliposikia sauti ndipo akageuka kumtafuta.

Monari alitamani ardhi ipasuke immeze. Akamwita Cephas Homa Bay.

"Ulimpima mara mbili. Mara ya pili alikuwa amelewa?"

"Hapana."

"Ulijuaje?"

"Nilimnusa tena." Cephas alifunga kifungo cha koti lake jeupe. "Hakuwa na harufu. Na alipotoka aligonga mwimo wa mlango, akamkanyaga mtoto wa watu aliyekaa chini."

"Ukajua ni ugonjwa."

"Nilijua ni kitu nisichokijua."

"Na gari la wagonjwa huja huko kila wiki."

"Huja."

"Kwa nini hukumpandisha?"

"Foleni ilikuwa ya watu walewale. Nilikuwa nimemwita mlevi, wakacheka pamoja nami. Ningempandisha gari wangesema, kumbe huyu hajui kitu. Niliona haya, Inspekta. Ni hilo tu. Niliona haya."

Monari alipekua sheria zote alizozijua, na hakuna iliyomfunga mtu kwa haya. Hata yeye mwenyewe, kwa haya ya kofi lile, isingemfunga. Na kesi ya kuua kwa kukusudia ilikuwa imekufa.

"Nenda ukamwambie," alisema, akafungua mlango wa mahabusu kwa mkono wake.

Cephas akasimama mbele kabisa ya Elijah, akakiri yote, neno kwa neno. Elijah alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

"Mimi nilijua sioni, daktari," alisema. "Lakini wewe umesoma, ukasema naona. Nikaogopa kuchekwa tena. Nikarudi kazini, nikashika toroli." Akapangusa uso kwa kiganja. "Sasa mke wa Javan atauliza ni nani aliua bwana yake. Twende wote wawili tumwambie."

Cephas alivua koti lake jeupe, akalikunja, akaliacha juu ya benchi. Wakatoka, Monari akiwafungulia njia, Elijah amemshika Cephas bega ili asigonge ukuta.