Wakili Aliyemuuliza Fergus

Kila asubuhi kabla ya shule, Elspeth alipika uji wa shayiri huku kaka yake, Fergus, akiokota mayai bandani. Fergus alikuwa na miaka kumi na tisa, sita zaidi ya Elspeth. Alizaliwa na ulemavu wa akili, lakini kuku wake wote aliwajua kwa majina. Waliishi katika mji mdogo wa Kelso na Bibi Una, aliyewalea tangu mama yao afariki.

Bibi alikuwa mzee, na moyo ulikuwa umeanza kumsumbua. Alitaka kumwachia Fergus nyumba, ila aliogopa. Mwaka uliopita jirani mmoja alimpa Fergus pakiti ya peremende akaondoka na kuku watatu. Aliyeghilibiwa kuku angeweza kughilibiwa hata nyumba. Ndiyo maana Bibi alitaka udhamini, yaani hati ya kisheria ya kuiweka nyumba mikononi mwa watu waaminifu, waitunze kwa ajili ya Fergus.

Jumatatu wote watatu walikwenda kwa wakili. Hakumsalimu Fergus. Alimshauri Bibi auze nyumba, kijana apelekwe kwenye makao ya walemavu. Fergus aliposema anataka kubaki kwao, wakili alicheka.

"Huyu hajui hata anachosema," alimwambia Bibi.

Damu ilimchemka Elspeth. Alizisukuma karatasi za wakili zilizokuwa mezani zikatawanyika sakafuni. "Ana masikio," alisema. "Muulize yeye."

Waliondoka bila kuaga. Njia nzima Fergus aliuliza amekosa nini. Swali hilo lilimuuma Elspeth kuliko kile kicheko. Walipofika nyumbani aliipiga teke ndoo ya maji ikaviringika mpaka uani, akaapa kwenda kuvunja dirisha la yule wakili.

"Una haki ya kukasirika," Bibi alisema. "Lakini hiyo ndoo imekukosea nini? Ukivunja dirisha, fundi atapachika jingine, na Fergus atabaki vilevile. Mtafutie wakili."

Kwa hiyo kila alipotoka shule, Elspeth alipiga simu kwenye ofisi za mawakili, Kelso na miji ya jirani. Aliuliza swali moja tu: je, wakili ataongea na kaka yangu mwenyewe? Mmoja alimwambia awaachie wakubwa mambo ya wakubwa. Mwingine alikata simu. Wa tatu alisema watu kama Fergus huamuliwa mambo yao na wengine. Kila mara Elspeth alibamiza simu mezani, akafuta jina kwenye orodha yake, akapiga tena akiwa bado amefura.

Wa nne alikuwa mama mmoja wa mji jirani wa Hawick, Moira Haldane. "Nisipoongea naye," alijibu, "nitaandikaje hati yake?"

Alikuja Alhamisi, akaketi karibu na Fergus, akamweleza polepole maana ya udhamini, kisha akamuuliza anamwamini nani amtunzie nyumba. Fergus alifikiri sana. Alimtaja mwalimu wake wa zamani na binamu yao Ailsa.

"Mjomba Callum hapana," aliongeza. "Anamaliza biskuti zangu."

Wakili aliandika yote bila kucheka. Wiki mbili baadaye hati ilitiwa sahihi, ya Fergus ikiwemo, kwa herufi kubwa zilizopinda.

Jioni ile Elspeth alikiri kwamba bado ana hasira na yule wakili wa kwanza.

"Hata mimi," Bibi alisema. "Hasira ni moto, mjukuu wangu. Siku ile ulitaka kuchoma nao, ukaamua kupikia. Anayeonewa hashibi kwa kelele zetu. Hushiba tukimfanyia kazi mpaka haki yake ipatikane."