Mshumaa wa Mtoto Asiyezaliwa

Jioni ile kila kitu sokoni kilikuwa baridi, isipokuwa kinyago kimoja.

Falk Seifert alikikuta kwenye kibanda cha mwisho cha soko la Krismasi la mji wetu wa Zwickau, upande wa nyuma, ambako watu hawafiki kwa sababu soseji na mvinyo wa moto viko mbele. Kilikuwa kinyago cha mchimba madini, kirefu kama chupa ya bia, kofia nyeusi kichwani na mshumaa katika kila mkono. Theluji ilikuwa imelala juu ya vinyago vyote mezani, ila juu ya hicho haikuwepo hata chembe. Falk akavua glavu, akakishika, akakuta kina joto kama mkate uliotoka kwenye tanuri sasa hivi.

"Una watoto wa kiume wangapi?" muuzaji akamuuliza.

Huo si umbea. Kwetu huku nyumba husema kwa madirisha. Ukizaa mvulana, unaweka dirishani mchimba madini mmoja mwenye mishumaa. Ukizaa msichana, unaweka malaika mmoja. Mwezi wa Desemba mpita njia anajua una watoto wangapi bila kukugongea mlango. Watu hukosea mengi wakilewa mvinyo wa moto, lakini hakuna mwenye akili timamu anayeongeza mshumaa ambao hana mtoto wake.

Falk alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, Romy, wa miaka sita, naye alikuwa amesimama palepale akila lozi za sukari, mkono mmoja ameshika koti la baba yake. Mkewe, Silke, alikuwa nyuma yao na kikombe cha mvinyo. Alipomzaa Romy daktari alisema huyo ndiye wa kwanza na wa mwisho. Falk aliitikia wakati ule kwamba haidhuru. Kumbe ilimdhuru kila siku.

"Mmoja," Falk akasema.

Muuzaji, mzee aliyeitwa Tröger, akamtazama Romy, kisha akamtazama Falk. "Una hakika, bwana? Hiki si cha kuchezea."

"Nimesema mmoja. Nifungie."

Silke akaumwaga mvinyo uliobaki kwenye theluji. Alingoja mpaka wakawa ndani ya gari, akasema polepole, ili mtoto asisikie, kana kwamba watoto hawasikii.

"Umesema uongo mbele ya mwanao."

"Ni kinyago tu, mama Romy. Unakuza mambo."

"Kama ni kinyago tu, ungemwambia mzee wa watu kwamba huna."

Falk akajikuna kidevu, kwenye lile kovu alilolipata utotoni alipoanguka kwenye barafu. Walipofika nyumbani akamweka mchimba madini dirishani kando ya malaika wa Romy, akawasha mishumaa yote. Ya malaika ikazimika. Akaiwasha tena, ikazimika tena.

"Tambi za mishumaa zimeloa," akasema, akaacha hivyo. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo ninaposimulia, kwamba hakujaribu mara ya tatu.

Kesho yake ikaja harufu. Ilikuwa ya udongo mbichi na jiwe lililoloa na mafuta ya taa za kizamani, na ilitoka ukutani, chini ya dirisha. Keshokutwa yake zikaja sauti. Kila saa kumi jioni, giza la mapema la Desemba likiingia na Falk akiwasha mishumaa, ukuta uligonga mara tatu: ngo, ngo, ngo. Silke alijitahidi kuyapuuza, maana chini ya mji wetu kuna mashimo ya makaa yaliyofungwa tangu zamani, na nyumba kulialia si ajabu. Lakini Romy alianza kuwa na baridi. Vidole vyake vilikuwa baridi asubuhi, baridi mchana, baridi hata ndani ya maji ya moto ya kuogea.

"Mama, kiti changu kimeloa," akasema siku moja mezani.

Silke akapitisha kiganja kwenye kiti. Kilitoka na maji meusi.

"Nani alikaa hapa?"

"Yule wa baba," Romy akanong'ona. "Mzito. Hajui kula, anatafuna tu."

Daktari alisema ni mafua. Falk naye alisema ni mafua, tena akasema haraka mno.

Ikafika asubuhi ya Mtakatifu Nikolasi. Jioni ya kuamkia siku hiyo Romy alikuwa amepiga rangi viatu vyake na kuviweka mlangoni, kama watoto wote wa kwetu, avikute vimejaa peremende na machungwa madogo. Silke alivijaza mwenyewe kabla ya kulala. Kulipokucha Romy alikimbia mlangoni, halafu kukawa kimya, na Silke aliposikia kimya hicho alitoka jikoni akiwa na kisu cha mkate mkononi. Viatu vya Romy vilikuwa vimejaa mawe. Kando yake kilisimama kiatu kimoja kikubwa, buti la mwanamume mzima, ngozi imekakamaa na misumari ya soli imeota kutu, na ndani yake zilikuwa zimejazwa peremende zote na machungwa yote.

Buti lile lilikuwa linang'aa.

"Baba Romy," Silke akasema kwa sauti ya chini, "nani amelipiga rangi hili buti?"

Falk alikuwa amesimama nyuma yake. Kwenye kucha zake kulikuwa na rangi nyeusi.

"Lilikuwa mlangoni jana jioni," akasema. "Peke yake. Likanitia huruma."

Silke aliangalia kisu mkononi mwake, akaenda kukirudisha jikoni, na nawaambieni alifanya vizuri kukirudisha. Kisha akampigia simu mama mkwe wake, Bibi Irmgard.

Irmgard alikuwa mtoto wa mchimba makaa na mjane wa mchimba makaa. Alifika saa tisa na nusu, lakini hakuingia. Alisimama barabarani kwenye theluji akilitazama dirisha, mdomo umebana. Silke alipomfungulia mlango alipitiliza hadi sebuleni bila kuvua buti.

"Falk. Huyo mchimba madini ni wa nani?"

"Mama, ni pambo tu."

"Nakuuliza ni wa nani."

Falk akainamisha kichwa. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, lakini mbele ya mama yake alikuwa wa sita.

Irmgard akaketi, akamvuta Romy magotini na kumfunika na koti lake. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayechelea kusikiwa na wa chumba cha pili. "Ile mishumaa haikuwa urembo. Wanaume walikuwa wanashuka shimoni kabla ya kucha na kupanda baada ya jua kuzama. Mama zao waliwawekea taa dirishani wapate njia ya kurudi. Wengine hawakurudi. Mama zao wakafa, taa zikazimwa, na wao bado wako kule chini wanatafuta dirisha. Umewasha taa ya mwana usiye naye, mwanangu. Basi mmoja ameiona, amekuja. Na wa aina ile hataki ndugu. Atamfyonza huyu mtoto polepole, joto lake lote, mpaka yeye abaki mwana wa pekee."

"Tufanyeje, mama?" Silke akauliza.

"Aliyeiwasha ndiye anayeizima. Kwa pumzi yake mwenyewe, na aseme ukweli, kwamba hana mwana, ana binti, na jina lake ni Romy. Maneno mafupi. Hata mlevi anayaweza."

Saa kumi ikafika. Mishumaa ya mchimba madini ikawaka bila kuguswa na mtu. Falk akaenda dirishani, na ukuta ukagonga, ngo, ngo, ngo, halafu harufu ya mafuta ya taa ikajaa chumba mpaka macho yakawasha, na maji meusi yakaanza kuchuruzika chini ya dirisha na kuenea sakafuni, na katikati ya maji zikatokea nyayo za buti, moja, halafu nyingine, zikija polepole kuelekea Falk, na kwa kila hatua Romy alizidi kutetemeka magotini pa bibi yake na midomo yake ikazidi kuwa ya bluu, na Silke akipiga kelele sema, sema, sema, ni maneno machache tu, sema.

"Sina..." Falk akaanza.

Nyayo zikasimama mbele yake. Sauti ikatoka hapo hewani, nzito, yenye mikwaruzo, ya mzee aliyemeza vumbi miaka mia.

"Baba."

Falk akaanza kulia.

"Usimsikilize," Irmgard akasema.

"Ameniita baba, mama. Mwanangu ameniita baba."

"Romy anakuita hivyo kila siku," Silke akasema. "Kila siku ya Mungu, Falk, na hujawahi kulia."

Sauti ikauliza, kwa upole wa kuchukiza, "Baba, una watoto wangapi?"

Mimi nimewahi kumsamehe mtu aliyeniibia. Nimemsamehe aliyenitukana. Huyu sijamsamehe. Aligeuka akamtazama mtoto wake wa miaka sita, aliyekuwa anamnyooshea mikono, akarudisha uso dirishani.

"Mmoja," akasema. "Wewe."

Silke aliruka akaipuliza ile mishumaa kwa nguvu zake zote, na miali haikutikisika hata kidogo. Basi hakupoteza pumzi nyingine. Alimnyakua malaika wa Romy dirishani, Irmgard akambeba mtoto, wakatoka. Nyuma yao walimsikia Falk akisogeza kiti mezani na kusema, kwa sauti ya kubembeleza, "Kaa, mwanangu, ule."

Nyumbani kwa Irmgard dirishani alisimama mchimba madini mmoja, wa Falk, ambaye mama yake alimwashia kila Desemba kwa miaka arobaini na miwili bila kukosa. Silke akamweka malaika kando yake, akawasha kiberiti. Mishumaa ya malaika ikakataa. Akajaribu mara ya pili, mara ya tatu, mara ya saba. Romy alikuwa amelala kwenye kochi chini ya mablanketi manne, na hakuwa anatetemeka tena, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Irmgard alikuwa akiitazama mishumaa ya mwanawe. Hakulia. Alikuwa na hasira mpaka mishipa ya shingo imesimama.

"Amesema ana mmoja, na si huyu," akasema. "Haya. Kama yeye hana binti, mimi sina mwana."

Akainama, akapuliza. Mishumaa ya Falk ikazimika. Silke akawasha kiberiti cha nane, na mishumaa ya malaika ikashika moto upesi, miali miwili mirefu iliyonyooka. Baada ya robo saa Romy akajigeuza kwenye kochi na kusema anasikia joto, wamtolee mablanketi.

Wiki iliyofuata polisi walikuta nyumba ya Falk iko wazi. Sahani mbili zilikuwa mezani. Sakafu ilikuwa imeloa maji meusi, na nyayo za buti za watu wawili zilikwenda mpaka ukutani chini ya dirisha, zikaishia pale. Kinyago hakikuonekana.

Mwaka uliofuata walikwenda sokoni tena, Silke, Irmgard na Romy, kwa sababu mtoto alitaka lozi, na Silke alisema hataacha Krismasi yake imezwe na shimo. Irmgard alimshika mjukuu mkono wakatembea mpaka kibanda cha mwisho. Hakusema kwa nini. Theluji ilikuwa imelala juu ya vinyago vyote ila kimoja.

Irmgard akavua glavu, akakiinua. Kilikuwa na joto. Kidevuni kilikuwa na kovu dogo lililochongwa vizuri sana.

Tröger hakuinua macho. "Una watoto wa kiume wangapi, mama?"

Irmgard akalikazia macho lile kovu. Mkono wa Romy ndani ya mkono wake mwingine ulikuwa na joto la kawaida, joto la mtoto mzima wa afya, na ulikuwa unanata sukari.

"Sina," akasema. "Nina mjukuu wa kike."

"Mama," kinyago kikasema, polepole.

Akakirudisha mezani. Akamnunulia Romy lozi nyingine, akavaa glavu, hakuzivua tena mpaka wakafika nyumbani. Silke alipomvua glavu, aliona kiganja cha mama mkwe wake kimeungua. Malengelenge yalikuwa na umbo la vidole vitano vidogo, vya mtoto aliyeng'ang'ania mkono na kulazimishwa kuachia.

"Falk alikuwa ananishika hivi hivi nilipompeleka shule," Irmgard akasema. Kisha akaenda dirishani na kumwashia malaika, aliyebaki peke yake pale, na wote watatu wakasimama wakisikiliza kama ukuta utagonga.