Ukuta Ambao Jeannine Hakuupima

Kila asubuhi Jeannine alifagia uwanja wa kwao Nyakasanza, akanywa chai, kisha akampitia rafiki yake Débora waende shule. Jumatatu ile alifagia nusu tu, akamwambia mama yake kwamba tumbo linamuuma. Mama alimtazama, akampa mfuko wake wa madaftari.

Ijumaa iliyotangulia, darasa lao la sita lilikuwa limekwenda ufukoni mwa Ziwa Albert kujifunza kwenye magofu ya ghala la zamani. Madame Angélique, mwalimu wao, alimpa Jeannine kamba ya kupimia kuta nne. Débora angechora ramani. Jeannine alipima tatu. Ukuta wa nne ulikuwa umezingirwa na miiba, na wenzake walikuwa wameshaingia majini, wanacheka. Akaandika mita kumi na nane, akavua viatu, akawafuata.

Sasa, darasani, Débora alisimama mbele ya darasa na ramani aliyoishughulikia Jumapili nzima. Mstari wa ukuta wa nne ulipita kona ukatokeza nje. Mvulana mmoja aitwaye Kule akasema hata watoto wa maternelle, wale wa chekechea, wangechora vizuri zaidi, na darasa likacheka. Débora alifuta, akachora upya, ikawa vilevile. Mwishowe akamwomba Madame msamaha, machozi yakimlengalenga.

Jeannine aliinamisha kichwa, masikio yakimwaka. Hakuna aliyemwona siku ile, angeweza kunyamaza. Lakini Débora alikuwa anaomba msamaha kwa kosa lisilo lake.

Akasimama. "Madame, Débora hana kosa. Ukuta wa mwisho sikuupima. Nilibuni tu."

Débora alimgeukia polepole. "Jana nilikuuliza mara mbili. Weye ukasema iko sawa."

Maneno hayo yalimuumiza Jeannine kuliko kicheko chochote.

Madame hakumkaripia. Alimpa kifutio, akamwambia aufute mstari ule na kuandika mahali pake: "Hatukupima." Alipoanza kufuta, karatasi iliteleza. Débora alisogea, akaishika pembeni isiteleze tena.

Madame akasema, "Magofu yale yanabomoka kila mwaka. Siku moja ukuta huo utaanguka, na atakayetaka kuujua atasoma karatasi hii. Akikuta pengo, atajua kwamba kazi haikumalizika. Akikuta namba ya kubuni, ataiamini, naye atawafundisha wengine uongo wetu. Kwa hiyo, Jeannine, usilolijua, sema hulijui."

"Ndiyo, Madame," Jeannine alijibu kwa sauti ndogo.